Picha Zinapotoweka Baada ya Programu Kufungashwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama kwa kutumia Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengenezea madirisha na vitufe. Nikiiendesha moja kwa moja kutoka kwenye msimbo, nembo na vitufe vyote vyenye picha huonekana vizuri. Nimeifungasha kwa PyInstaller, chombo kinachogeuza programu ya Python kuwa faili la kubofya, iwe faili moja, lakini nikilibofya, dirisha jeusi hutokea na kutoweka papo hapo. Nilipolihamishia faili hilo ndani ya folda ya mradi, lilifanya kazi. Nikilipeleka kwenye kompyuta nyingine, linakataa tena. Tatizo liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, jambo la maana zaidi katika barua yako ni lile jaribio la kuhamishia faili kwenye folda ya mradi. Kwa kuwa programu ilifanya kazi ilipokuwa jirani na folda ya picha, tunajua kwamba picha zenyewe ni nzima na msimbo unaozionyesha hauna kasoro. Una makosa mawili yaliyofichana: kifurushi hakikubeba picha zako, na programu inazitafuta mahali pasipo sahihi. Ukirekebisha moja tu, dalili itabaki ileile, na hapo ndipo wengi hufuta marekebisho yaliyokuwa sahihi wakidhani hayakusaidia kitu.

Kwanza hakikisha kwamba ni picha kweli zinazoiangusha programu. Usilibofye faili, fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda ya dist, ambamo PyInstaller huweka faili lililofungashwa, kisha uliendeshe kutoka humo kwa kuandika jina lake. Ujumbe wa hitilafu utabaki kwenye skrini, nao utataja jina la faili ambalo halikupatikana.

Sasa tuje kwenye kosa la kwanza. PyInstaller hutambua kinachohitajika kwa kusoma kauli za import, yaani zile zinazoita maktaba, katika msimbo wako. Picha haiingizwi kwa import; jina lake ni maandishi tu ndani ya alama za nukuu, kwa hiyo chombo hakina namna ya kujua kwamba nembo.png ni sehemu ya programu. Ni lazima ukiambie, kwa amri kama hii:

pyinstaller --onefile --add-data "picha:picha" programu.py

Neno la kwanza ni folda ilipo sasa, la pili ni jina itakalopewa ndani ya kifurushi. Kwenye Windows, matoleo ya PyInstaller ya kabla ya 6.0 hudai nukta mkato badala ya nukta pacha. Ukipenda kuandika orodha hiyo katika faili la .spec, yaani faili la maelekezo ambalo PyInstaller huliunda, chini ya datas, ni sawa kabisa, ila kuanzia hapo endesha pyinstaller kwa kutaja faili la .spec lenyewe, kwani ukitaja programu.py, faili hilo la .spec litaandikwa upya na mabadiliko yako yatapotea.

Kosa la pili ndilo linalosumbua zaidi. Ukiandika "picha/nembo.png", njia hiyo huhesabiwa kuanzia folda ambayo programu imeanzishwa ndani yake, wala si folda yalipo mafaili yake. Tena kifurushi cha faili moja, kila kinapoanzishwa, hujifungua kwanza katika folda ya muda ambayo jina lake huanza na _MEI, na picha ulizoziongeza hukaa humo. Kwa hiyo hata zikiwa zimebebwa, programu yako itazipita bila kuziona. Anzia njia kwenye mahali lilipo faili la msimbo:

from pathlib import Path
MSINGI = Path(__file__).resolve().parent
nembo = tk.PhotoImage(file=MSINGI / "picha" / "nembo.png")

PyInstaller huipa __file__ thamani inayoelekeza ndani ya kifurushi, hivyo mistari hii hufanya kazi kabla na baada ya kufungasha. Msimbo mwingi utakaoukuta hutumia sys._MEIPASS, inayotaja folda hiyo ya muda, pamoja na sharti la kuangalia kama programu imefungashwa; nao ni sahihi, lakini mimi napendelea njia fupi kwa sababu haina matawi mawili ya kujaribiwa.

Iwapo utaifungasha pia kwa ajili ya Linux, kagua herufi za majina, kwani Windows kwa kawaida hulichukulia Nembo.PNG na nembo.png kuwa faili lilelile, ilhali Linux huyaona kuwa mafaili mawili tofauti.

Kwa kuwa programu yako ni ya wanachama, huenda siku moja ukataka mtumiaji apakie picha za wanachama hao. Usizihifadhi chini ya MSINGI. Folda ya muda hufutwa programu inapofungwa, na picha hizo zitakwenda nayo. Ziweke katika folda iliyo ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji, ambayo Path.home() itakupatia.