Mgeni Mwanza, una baiskeli, huna marafiki? Anza kwa fundi

Dada yangu, unasema umehamia Nyegezi ukiwa na miaka 38, baiskeli unayo, wa kupiga naye stori huna. Kundi litakuja lenyewe. Wewe tafuta fundi baiskeli. Mimi rafiki zangu wawili niliwapatia hapo, nimekalia ndoo ya rangi nikisubiri pancha. Fundi anazamisha tyubu kwenye beseni, wote tunakodolea mapovu, mara mtu anauliza, "Hiyo unaendea wapi?" Jumapili iliyofuata tukavuka na kivuko cha Kamanga, baiskeli zimeegemea ukingo, ng'ambo tukala sato. Kilima cha Bugando achana nacho kwanza. Wenzako wakikuacha nyuma, cheka tu. Wasukuma na baiskeli ni ndugu wa damu.