Maswali yenu: fizi, mfupa wa jino na vichocheo vya ukuaji

*Salaam aleikum daktari. Meno yangu mawili ya chini yanatikisika. Mombasa nimeambiwa mfupa umeliwa, ila kuna vichocheo vya ukuaji vya kuurudisha. Ni kweli, au nauziwa mbuzi kwenye gunia?* (Mama, Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam, mama. Ni kweli, lakini si kwa kila jino. Vichocheo hivi ni protini ambazo mwili hutengeneza wenyewe. Ukijikata, chembe sahani za damu huzimwaga pale pale, nazo huita seli za kujenga nyama, nyuzi na mfupa. Shida ya jino ni kwamba ngozi ya ufizi hukua upesi kuliko vingine vyote. Huteremka kando ya mzizi ikafunga kidonda kabla nyuzi na mfupa havijafika. Kidonda kimepona, jino halina mshiko. Kwa hiyo daktari hufungua ufizi, akakwangua ukoga mgumu mpaka mzizi uwe safi, ndipo akatia kichocheo ili hao wa polepole wapate nafasi. Marekani iliruhusu kimoja, PDGF, mwaka 2005. Japani ikaruhusu FGF-2 mwaka 2016.

Mwombe daktari wako akuonyeshe picha ya eksirei. Mfupa ukiwa umechimbika shimo lenye kuta kando ya jino, matumaini yapo, na matokeo huonekana baada ya miezi sita au zaidi. Ukiwa umeshuka wote sawasawa, mama yangu, usitoe pesa kwa ahadi ya kuurudisha.

*Nimesikia dawa mojawapo inatoka kwa nguruwe. Kweli?* (Msomaji, Shella, Lamu)

Kweli kabisa. Emdogain hutokana na protini za meno machanga ya nguruwe, yale ambayo hayajaota. Kwa hakika si kichocheo chenyewe. Huzifanya seli zako zitoe vichocheo vyake. Unga wa mfupa unaojaziwa kwenye shimo nao mara nyingi ni wa ng'ombe. Hukumu ya kisheria muulize sheikh wako. Langu ni hili: mgonjwa aambiwe asili ya dawa kabla ya sindano ya ganzi, na asipoambiwa aulize bila haya. Njia nyingine zipo, kama utakavyosoma hapa chini.

*Kaka yangu alitolewa damu mkononi, ikazungushwa kwenye mashine, kisha ikatiwa kwenye ufizi. Haina hatari?* (Dada, Malindi)

Njia hii ilianzishwa Ufaransa na daktari Joseph Choukroun mwaka 2001. Damu hutiwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, ikazungushwa mara moja. Katikati hubaki donge la manjano, laini, linalovutika. Likikamuliwa taratibu huwa utando wa kulaza juu ya kidonda. Chembe sahani zilizonaswa humo huachia vichocheo kidogo kidogo kwa wiki moja au zaidi. Ni damu yake mwenyewe, basi cha kuangalia ni sindano mpya na chupa mpya.

*Baba ana kisukari na anavuta sigara. Fizi zilisafishwa lakini bado zinatoa usaha. Tumtafutie vichocheo?* (Kijana, Maweni, Malindi)

Bado, mwanangu. Sukari ikiwa juu, seli za kujenga huwa dhaifu, hata zikiitwa haziitikii vyema. Sigara nayo hubana mishipa midogo ya damu. Anza na kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, na umshike mkono baba aache sigara. Kisha asafishwe tena kwa kina. Fizi zikitulia, hata sukari hushuka kidogo. Pesa za vichocheo ziwekeni kwanza.

*Kuna jeli ya kupaka nyumbani?* (Msomaji, Malindi)

Ya kuotesha mfupa, hapana. Ikipakwa juu husombwa na mate, haifiki kwenye mzizi. Na mate yenyewe yana kichocheo, EGF. Stanley Cohen alikigundua kwenye tezi za mate za panya, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Mswaki wa mti ukiwa ndio ulionao, utumie, ila ufikishe hadi ukingo wa ufizi, hasa usiku kabla ya kulala.