Maswali Yenu: Mpunga Ukitazamwa kutoka Angani

Nafuatilia mpunga wa Kilombero kwa picha za Sentinel-2, setilaiti inayopiga picha kwa mwanga wa jua. Machi hadi Mei napata mawingu tu. Nifanyeje?

Swali hili linarudi kila masika, na wanaouliza bado hawajaigusa rada. Tumia Sentinel-1, setilaiti ya rada: hutuma mawimbi yake yenyewe, na mawingu hayaizuii. Jaruba lenye maji yaliyotulia huonekana jeusi, kwa sababu maji hayarudishi mawimbi kwenye setilaiti, huyaelekeza kwingine. Miche ikishika na kuanza kutoa machipukizi, weusi unafifia picha baada ya picha. Ila weusi peke yake si ushahidi: bwawa ni jeusi, na bonde lililofurika pia. Mpunga unatambulika kwa mfuatano, maji kwanza, kisha mimea inayopanda haraka.

Jaruba langu ni mita 15 kwa 15. Nitaliona?

Hapana. Pikseli, yaani kimraba kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo karibu kila moja itachanganya mpunga wako, tuta na jaruba la jirani.

NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea kwenye picha, imefika kilele. Niweke urea ya mwisho?

Umeshachelewa. Kilele huja mpunga ukikaribia kutoa masuke. Urea hiyo huwekwa suke linapoanza kuumbika ndani ya shina, wiki kadhaa kabla, na hakuna setilaiti inayoona ndani ya shina. Ingia jarubani, ng'oa shina kuu, lipasue kwa wembe kuanzia chini. Ukikuta kisuke kichanga cheupe chenye vinyweleo, urefu wa milimita 1 au 2, juu ya kifundo cha mwisho, wakati umefika. Anayekuuzia ushauri wa mbolea kwa picha tupu, bila kukanyaga shamba, usimpe hela yako.

Shamba lote ni kijani. Mavuno yatakuwa mazuri?

Ndago nayo ni kijani. Mpunga pori pia, tena unafanana na mpunga wenyewe. Halafu kweleakwelea wakishambulia masuke, majani yanabaki palepale na picha haibadiliki. Ninyi mnaotoa mikopo kwa kuangalia rangi ya ramani, mnamwumiza mkulima.

Nina picha za miaka mitano ila sina tarehe za kupanda. Nitumie programu gani?

Programu inaweza kuzikisia tarehe hizo tu, si kukupa zenyewe. Nenda kwa wakulima na daftari. Kwa kila jaruba andika aina ya mbegu, siku ya kupandikiza au kusia, siku masuke yalipotoka, siku ya kuvuna. SARO 5 ya kupandikiza na Supa iliyomwagwa moja kwa moja shambani hazina kalenda moja, na ukizichora kwa mstari mmoja utamwambia mtu avune mpunga ambao bado una maziwa.