Bustani ya uani Dodoma: anza na hesabu ya maji

Wiki iliyopita rafiki yangu aliyehamia Ihumwa, hapa Dodoma, aliniomba ushauri. Apande mboga uani ili apunguze pesa ya sokoni, au aache? Kabla sijamjibu nikamuuliza: maji unapata wapi? Akasema ananunua ya mkokoteni, dumu la lita 20 shilingi 500. Nikamwambia, basi tukae chini tupige hesabu.

Mimi nipo Nzuguni tangu 2018, nilipohamishiwa huku kikazi kutoka Morogoro. Kule kwetu ukimwaga mbegu za mchicha nyuma ya jiko, unakuja kukuta zimeota. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na mwaka mzima inaishia milimita 500 na kitu. Ikishakata ni jua, upepo na vumbi. Kila jani utakalochuma kuanzia Juni hadi Novemba umelinywesha kwa mkono wako, kwa hiyo ukiuliza kama bustani inaokoa pesa, unauliza bei ya maji.

Daftari langu linasema hivi. Nyumbani tuko 6 na mboga za majani tunakula kila siku. Nilikuwa nanunua mafungu 2 ya shilingi 500, kwa mwezi 30,000. Nikachimba vitalu 3, kila kimoja mita 1 kwa mita 3: kimoja cha sukuma wiki, kimoja cha matembele, na cha mwisho nabadilisha mchicha na figiri. Kiangazi vinakunywa ndoo 4 kwa siku, yaani lita 80, ambazo kwa mwezi ni lita 2,400. Maji yangu ni ya bomba, na bili iliongezeka kama shilingi 5,000. Mbegu na samadi ukizigawa kwa mwezi hazizidi 2,000. Vitalu hivyo vinatulisha siku 4 au 5 kwa wiki, mboga ambazo ningezinunua kwa karibu 19,000. Ninabakiwa na kama 12,000 kila mwezi. Kwangu hiyo ni pesa, maana inalipa unga wa siku kadhaa.

Sasa chukua vitalu hivyo hivyo uvipeleke kwa rafiki yangu. Ndoo 4 kwa siku ni shilingi 2,000, kwa mwezi 60,000, ili avune mboga za 19,000. Bidii yake yote ingeishia kwenye mkokoteni.

Hata mwenye bomba asidhani kila zao litamlipa. Mwaka wa kwanza nilipanda nyanya. Nilinunua mbegu chotara, nikakata miti ya kuegeshea, nikapulizia dawa kila wiki, na bado kantangaze aliingia. Yule funza anajichimbia ndani ya jani, kisha anahamia kwenye tunda, na ukimwona kwa nje ameshaharibu. Jumla nilitumia shilingi 68,000 nikavuna sado 3, yale makopo ya kupimia sokoni. Siku ninavuna, sado pale soko la Majengo ilikuwa 3,000, nyanya zimeingia kwa wingi kutoka Ilula, Iringa. Kwa pesa ile ningenunua sado 22. Iliniuma sana, kwa sababu niliamka saa 11 alfajiri miezi mitatu kumwagilia. Tangu siku ile nyanya nanunua, na vitunguu navyo nanunua vya Singida. Wakulima wa huko wana maji, wana eneo, na wanauza kwa wingi ambao uani hauwezi kushindana nao. Kinacholipa uani ni kile unachochuma kidogo kidogo kwa muda mrefu na ambacho kikikaa sokoni nusu siku kinanyauka: majani. Sukuma wiki moja ukiitunza unachuma miezi mingi. Matembele unapanda marando mara moja, na kila ukikata yanachipua.

Aliyeninusuru ni mama jirani, Mgogo mzaliwa wa hapa hapa. Alipita asubuhi moja, tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwa, akatazama matuta yangu niliyoinua juu kama tunavyofanya Morogoro. Akasema, "Mwanangu, hapa usipande juu, panda chini. Maji yatakukimbia." Nikavunja matuta, nikachimba vitalu vilivyozama kama sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi, nikachanganya samadi ya mbuzi iliyooza na kufunika udongo kwa nyasi kavu. Kabla ya hapo nilikuwa namwaga ndoo 7 kwa siku. Namwagilia jioni, jua likishapoa, na mwezi wa 10 nategeshea chanja la mabua ya mtama juu ya mchicha ili usiungue. Samadi ikiwa mbichi iache kwanza, inachoma miche.

Ni yeye pia aliyenifundisha kutumia masika vizuri. Mvua zikianza, mlenda na majani ya kunde havikugharimu maji hata tone. Unachuma vingi kuliko mnavyoweza kula, unaanika, unaweka kwenye chombo kikavu, na Agosti unapika na karanga. Kwa asiye na bomba, huu ndio uokoaji halisi wa pesa, na wenyeji wameujua zamani.

Matunda nitayasema kwa ufupi. Mzabibu ni fahari ya Dodoma na unavunwa mara mbili kwa mwaka, ila unataka kupogolewa, dawa za ukungu na subira ya zaidi ya mwaka. Kama lengo ni kubana matumizi, usianze nao. Anza na mpapai. Weka miche 3 kwenye shimo moja, subiri itoe maua, ung'oe madume na kubakiza mmoja wenye maua ya jinsia zote mbili, au jike mmoja kama kuna mpapai dume jirani. Wangu niliupanda karibu na bafu, unakunywa maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na povu. Mwaka wake wa kwanza wa kuzaa ulinipa mapapai 23.

Rafiki yangu tumekubaliana hivi: kiangazi hiki asipande kitalu. Ajaze viroba 2 udongo na samadi, apande matembele, ayanyweshe maji anayooshea mchele na mboga, ambayo kila siku anayamwaga. Kunde na mlenda zisubiri Desemba. Marando hatanunua, Jumamosi namkatia furushi kutoka kwenye kitalu changu nimpelekee.