Mkono unanitetemeka, nitaweza kweli kutoa damu?

SWALI: Shikamoo dada, niko kwenye kozi ya kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo, tumemaliza kuchoma ule mkono wa plastiki sasa tunaingia kwa wagonjwa wenyewe, na mkono unanitetemeka vibaya sana, naogopa kukosa mshipa. Niendelee au niache mapema?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usiache. Kutetemeka kunaisha ukiacha kufanya kwa pupa na ukiamini kidole kuliko macho: mshipa mzuri hata kama hauonekani ukiubonyeza unabonyea halafu unarudi, ila ukisikia kitu kinadunda hiyo ni ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, hama hapo. Anza na ule wa katikati mbele ya kiwiko, wa upande wa ndani uache uwe wa mwisho maana umepakana na ateri na neva. Vuta ngozi kwa chini mshipa usikimbie, sindano iingie imelala, nyuzi 30 au chini ya hapo. Ukikosa mara mbili mwite mwenzako, wala sio aibu, kibaya ni kumchimbachimba mtu.

Mimi kinachonitia wasiwasi kwa wanafunzi sio sindano, ni chupa za kuwekea damu. Ukikosa mshipa mgonjwa anavilia damu kidogo na inapona, lakini ukibandika jina la huyu kwenye damu ya yule, mtu anaweza kuongezewa damu isiyo ya grupu lake na hiyo inaua kabisa. Kwa hiyo mwache ataje mwenyewe jina na tarehe ya kuzaliwa, usimuulize "wewe ni fulani?" maana mtu mwenye homa anaitikia chochote tu, halafu lebo bandika palepale mbele yake ukishamaliza kutoa, sio mpaka ufike maabara.

Mpangilio wa kujaza chupa nao ukariri kwa rangi ya vifuniko: bluu mpauko, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu. Ile ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu, ikiingia kidogo tu kwenye chupa inayofuata, majibu yanaonyesha potasiamu iko juu na kalsiamu iko chini, daktari anaanza kutibu ugonjwa ambao haupo! Mpira wa kubana mkono usizidi dakika 1, na chupa zigeuze taratibu, ukizitikisa chembe nyekundu zinapasuka na sampuli inakataliwa.

Mgonjwa akianza kutoka jasho na kusikia kizunguzungu, legeza mpira, toa sindano, bana pamba, mlaze. Na kama hujachanjwa homa ya ini B, nenda kachanje kabla hujamgusa mgonjwa wa kwanza.