Usiuze laptopu mbovu, hiyo ndo seva yako

SWALI: Habari fundi. Nyumbani tuko watu sita na simu zote zimejaa, picha, video za harusi ya dada, na kuna sauti za babu tulimrekodi akisimulia kabla hajafariki, ziko kwenye simu moja ambayo saivi inajizima yenyewe. Kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi siwezi. Nina laptopu ya zamani ya Core i3, RAM 4GB, kioo kimepasuka. Rafiki yangu kanambia niiuze spea ninunue Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha bodi moja, nitengeneze seva, yaani kompyuta ya kutunza mafaili ya nyumba nzima. Nifanyeje? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujasoma mbele chukua hiyo simu, chomeka kebo kwenye kompyuta yoyote unayoiamini, uzitoe sauti za babu leo leo. Seva inaweza kusubiri, sauti hazisubiri.

Alafu laptopu usiuze. Raspberry Pi ilipotoka 2012 ilikuwa dola 35 na bei hiyo ndo imebaki vichwani mwa watu, ila ukishaweka chaja yake, kava, memori kadi ya maana na gharama ya kuifikisha Mbeya, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Na kuna jambo kubwa zaidi ya bei, laptopu ina betri. Umeme ukikatika Pi inazima hapo hapo hata kama ilikuwa katikati ya kuandika faili, na memori kadi ikifanyiwa hivyo mara kwa mara siku moja haisomi tena. Laptopu hata kama betri imechoka na inakaa dakika ishirini tu, unapata muda wa kuizima vizuri. Cha kuangalia ni kwamba betri isiwe imevimba, ikiwa imevimba itoe kabisa, inaweza kuwaka moto.

Kioo kisikusumbue, siku ya kuinstoo tumia tivii yenye HDMI, basi. Weka Debian, ni mfumo endeshi huria (unachukua nafasi ya Windows) wa tangu 1993 na ni mtulivu sana kwa kazi hii. Toleo la 13 la Agosti 2025 haliinstoo tena kwenye mashine za biti 32 lakini Core i3 ni biti 64 kwa hiyo uko salama. Ikifika pale inapouliza habari ya desktopu toa tiki zote, acha SSH peke yake, ndo njia ya kuiendesha laptopu ukiwa kwenye kompyuta nyingine, RAM yako itapumua. Na ukifunga kifuniko laptopu italala, kwa hiyo fungua faili la /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore, uwashe upya. Iunganishe na ruta kwa kebo.

Kwenye programu wengi watakwambia uanze na Nextcloud, hifadhi kama ya mtandaoni ila inakaa kwenye seva yako, ni nzuri kweli, lakini kwa nyumba inayoanza mi nasema Samba kwanza. Ni folda tu inayoonekana kwenye waifai ya nyumbani, picha zinahama bila kugusa bando. Ikipita mwezi haijasumbua ndo uongeze Nextcloud ivute picha za simu yenyewe, na Jellyfin, programu ya kurusha video, mama aangalie harusi kwenye tivii.

Hela uliyotaka kununulia Pi nunua diski ya nje. Kila Jumapili ichomeke, kopi kila kitu, ichomoe ukaiweke nyumba nyingine. Mi nilikuwa na diski moja tu, ikafa, picha za miaka mitatu za watoto wangu zikaenda nayo, mpaka leo inaniuma.

Kuhusu umeme, mashine kama hiyo ikitulia inakula kama wati 15, kwa mwezi ni karibu yuniti 11. Kama mko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la mwisho yuniti 75 kwa mwezi, angalieni isije ikawavusha maana bei ya yuniti inapanda.

SWALI: Shuleni kwetu intaneti hakuna, tuna sola ndogo. Naweza kuwapa wanafunzi kitu cha kusoma? (Mwalimu, Kigoma)

JIBU: Mwalimu, kwako sasa Pi ndo mahali pake, inakula wati chache sana na sola itaibeba. Weka Kiwix, ipo tangu 2007, unashusha Wikipedia nzima ukiwa mjini kisha inasomeka bila intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo, ya Kiingereza yenye picha ni kama GB 100, kwa hiyo nunua kadi ya GB 256. Ongeza Kolibri kwa masomo na mazoezi. Waifai ya Pi yenyewe haitabeba darasa la watoto 60, tafuta ruta ya kawaida, hata iliyolala kabatini, uunganishe hapo. Na kwa kuwa wanafunzi wanasoma zaidi kuliko kuandika, kadi nayo itadumu, ila wafundishe watoto wawili watatu jinsi ya kuizima vizuri kabla sola haijaisha.

SWALI: Hujambo fundi. Seva yangu nyumbani iko sawa lakini nikiwa kazini haifunguki. Ruta ni ya laini ya simu, nimefungua poti (milango ya ruta ya kuingilia kutoka nje) mpaka ya Samba na bado. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Sijambo bwana. Kampuni za simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya adresi moja ya intaneti, sasa mtu akibisha kutoka nje hodi yake haifiki kwako hata ufungue poti ngapi. Weka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, kwenye seva na kwenye simu yako, inatumia WireGuard, teknolojia ya kufunga data isisomwe njiani, ambayo iko ndani ya Linux, kiini cha mifumo kama Debian, tangu 2020, vifaa vyako vitaonana kama viko chumba kimoja. Na ile poti ya Samba, 445, ifunge leo kabla hujalala. Virusi vya WannaCry 2017 vilipita hapo hapo kwenye mashine za Windows, na wanaozunguka kuitafuta iliyo wazi bado wapo.