Kizunguzungu siyo kundalini, mdogo wangu

Juzi nimeamka nakuta meseji ya sauti ya dakika nne, mdogo wangu mmoja anayenisoma yuko Doha, anasema dada nimefanya ile pumzi ya moto ya yoga, ile ya kupumua harakaharaka kwa pua, dakika 20 kama nilivyoona kwenye video, vidole vikaanza kuchonyota, midomo ikafa ganzi, nikaona nyotanyota, je ndo kundalini, ile nguvu wanayosema imelala mwilini, imeamka? Na sauti yake ina furaha kabisa. Nikacheka, halafu nikanyamaza, manake mimi nilishajiuliza swali hilohilo, tofauti ni kwamba mimi nilijijibu mwenyewe kuwa ndiyo.

Wacha nieleze. Nilikuwa nalea wazee hapa Toronto zamu ya usiku, natoka asubuhi kichwa kinavuma na usingizi haupo, mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye darasa la yoga ya kundalini lililokuwa chini ya kanisa, zulia la kijani, watu wote nguo nyeupe na vichwa vimefungwa vitambaa vyeupe. Mimi nimeingia na mtandio wangu wa Ijumaa, mwalimu akadhani nishasoma mahali, akanikalisha mstari wa mbele. Yaani mimi ndo niliyekuwa nimevaa sawasawa kuliko wote na sijui chochote!

Yogi Bhajan, huyo Sikh aliyeleta mtindo huu kwa Wazungu, alifikia hapahapa Toronto mwaka 1968 kabla hajahamia Los Angeles na kuanzisha shirika lake la yoga, 3HO, mwaka 1969, kwa hiyo darasani kwetu waliuona mji wao kama una baraka fulani. Bandha zenyewe lakini, yaani kule kubana sehemu za mwili wakati wa pumzi, si zake, zimeandikwa kwenye kitabu cha Hatha Yoga Pradipika tangu karne ya 15 huko India. Wakati wa kuimba mantra, yale maneno yao ya kurudiarudia, mimi nilikuwa nanyamaza tu, sikuona ubaya kukaa kimya, na hakuna aliyenigusa kwa hilo.

Nilivyomsimulia mama kwa simu kwamba kundalini ni nguvu wanayoichora kama nyoka kajikunja chini ya uti wa mgongo na sisi tunataka kumwamsha, mama akasema, "Mwanangu, usiamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe." Nikamwona mshamba.

Basi Ramadhani ikaingia. Mwalimu alishasema mazoezi haya yanataka tumbo tupu, nikajiambia tumbo tupu zaidi ya hili lipo? Nimetoka zamu, sijalala, sijanywa maji tangu daku, nikaenda. Pumzi ya moto dakika 11. Pua inapuliza kama mtu anayechochea jiko la mkaa, kitovu kinadunda, kisha akasema vuta, zuia, bana chini, bana chini zaidi! Nikabana mpaka meno, naona ukumbi unakuwa mweupe, nikasema ndo hii, na kitu kilichofuata ni zulia la kijani liko shavuni kwangu. Nikalala mimi.

Nilivyofungua macho watu wamenizunguka, mwalimu kashika mkono wangu anasema imeanza kupanda. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini. Nami nikafurahi jamani, wiki mbili natembea kama bibi harusi, naona wengine wote wamelala ni mimi tu niliyeamka.

Aliyenitoa huko ni nesi mmoja wa kazini, mama mtu mzima wa Ufilipino, alinisikiliza mpaka mwisho huku anapanga vidonge, akasema ukipumua haraka kupita kiasi unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, mishipa ya kwenye ubongo inajibana, damu inapungua kule, ndo kizunguzungu na ganzi za vidole, na wewe juu yake una njaa na kiu na umezuia pumzi umejikaza, ulitaka usianguke? Akaendelea kuhesabu vidonge vyake. Iliniuma kuliko kuanguka kwenyewe.

Nikaanza upya nyumbani, peke yangu, na hapa ndo nataka usikilize mdogo wangu. Nililala chali nikaweka sahani ya plastiki tumboni. Ukivuta pumzi sahani ipande, ukitoa ishuke. Yangu ilikuwa inafanya kinyume! Miezi yote ile nilikuwa napumua kinyumenyume, navuta na tumbo nalirudisha ndani kama nimevaa gauni la kubana. Ilinichukua karibu mwezi kurekebisha hilo tu, sina cha kusimulia hapo, ni sahani tu kila siku.

Bandha nazo hazitaki nguvu. Ile ya chini, mula, ni kama unazuia haja kubwa, kisha mkojo, kisha kitovu kinaenda kuelekea mgongoni, basi, uso utulie, ukiona taya limekaza umezidisha. Ya tumbo, uddiyana, unafanya pumzi ikiwa imetoka YOTE, tumbo linaingia chini ya mbavu, usijaribu mapafu yamejaa. Ya shingo, jalandhara, rudisha kidevu nyuma kidogo kama mtu kakuletea samaki aliyechacha usoni na wewe una adabu huwezi kugeuka. Usiinamishe kichwa mpaka kifuani ukavunja shingo.

Pumzi ya moto anza na dakika moja, tena polepole, kuvuta na kutoa viwe sawasawa. Ukisikia ganzi acha. Kizunguzungu, acha. Mwenye mimba asifanye, aliye kwenye siku zake asifanye, mwenye presha ya kupanda, moyo au kifafa asifanye, na aliyefunga Ramadhani, mwanangu mwenyewe nakwambia, asifanye. Apumue polepole, pumzi ndefu, inatosha. Nimesema polepole mara ngapi? Polepole.

Na tuache kuwakabidhi watu pumzi zetu kisa wamevaa nyeupe. Hata huyo Yogi Bhajan, alifariki 2004, na mwaka 2020 uchunguzi ulioagizwa na jumuiya yake yenyewe ulisema madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi yake yana uwezekano mkubwa kuwa ni kweli. Watu walimwachia mpaka akili zao. Mwili wako ukikwambia acha, huo ndo mwalimu, na ukiubishia utakuonesha zulia.

Mimi sasa nimemaliza siku 40 bila kuruka, dakika saba kwa siku, na sijaona nyota hata moja, usingizi tu umerudi. Lile darasa sikurudi. Ila waliweka picha yangu kwenye tangazo lao bila kuniuliza, ya siku ile ile, nimefumba macho, mtandio umeenda upande, na chini wameandika kwamba mwanafunzi wetu ameamka.